Insha Yangu Ilimfuata Kaka Kisimani

Nina umri wa miaka arobaini na minane. Nina shahada ya chuo kikuu, nyumba Bawshar, huku Omani, tumbo linalonitangulia mlangoni, na kazi ya serikali isiyonizuia kuandika makala. Watu husema makala zangu zinachekesha. Wasomaji wenzangu, leo sina la kuchekesha. Nataka kuwaeleza namna nilivyomuua kaka yangu kwa insha.

Ndiyo, kwa insha... Kurasa saba, wino wa buluu, mwandiko mzuri.

Nilizaliwa Unguja. Mwanzoni mwa mwaka 1964 nilikuwa na miaka kumi na minne, na kaka yangu Khamis alikuwa na ishirini. Siku ya kwanza ya vurugu baba alipigwa mapanga mbele ya duka lake. Mapanga yenyewe sikuyaona. Niliona kazi yake, pale Kaka Khamis alipomburura baba ndani kwa makwapa, kanzu imelowa damu kifuani mpaka kwenye pindo. Baba alikuwa bado anatikisa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Kisha kidole kikatulia.

Hatukuweza kutoka kumzika. Siku ya pili, adhuhuri, tulikuwa tumepigilia mbao madirishani na nyumba ilikuwa giza. Mama alikaa chini karibu na maiti. Kaka Khamis alisimama nyuma ya mlango, ameshika mchi wa kutwangia. Nje tulisikia vioo vinavunjwa, mtu anapiga mayowe, halafu yule mtu hapigi tena mayowe.

Mara mlango wetu ukasukumwa.

Kaka aliuliza, "Nani?" Akauliza tena. Hatukujibiwa. Tulisikia mtu anahema tu. Komeo likang'oka na mtu mfupi akaingia, begani ana kitu kizito kilichofungwa kwa shuka, ncha yake imetuelekea sisi. Tulidhani bunduki. Kaka alimpiga kichwani, mara moja tu.

Sauti ya pigo lile niliwahi kuieleza vizuri sana, kwenye insha. Sitairudia.

Shuka ilifunguka sakafuni. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha cherahani, cheusi, maua yake ya dhahabu yamefutika kwa kushikwashikwa. Na yule mtu alikuwa Fundi Nassor, mshonaji wetu, aliyetushonea kanzu za Idi kila mwaka na kuniwekea mimi vipande vya kitambaa vya kutengenezea mikia ya tiara. Alikuwa amekimbilia kwetu kwa sababu ni nyumba anayoijua. Pumzi ya kutaja jina lake hakuwa nayo...

Kaka Khamis alichimba uani mpaka viganja vikachubuka, akawazika wote wawili, baba na fundi, ubavu kwa ubavu. Alipomaliza, Mama alileta msahafu akatuwekesha mikono juu yake. Tuliapa watatu sisi kwamba jambo hili halitatoka vinywani mwetu.

Mwaka ule ule tukafika Maskati, kama wengi wa kwetu. Tulipata kibanda cha makuti nje ya ukuta wa mji. Siku hizo nchi ilikuwa imefungwa. Kuingia kwa ruhusa, kutoka kwa ruhusa. Leo ukienda upande ule, Wadi Kabir, unakuta gereji, mafuta meusi barabarani na mafundi wa kila taifa. Wakati ule kulikuwa na visima na bustani ndogo, na Kaka Khamis akawa mchukuzi wa maji. Alibeba madebe mawili kwenye mti wa mzega, kutoka kisimani mpaka majumbani, asubuhi na alasiri.

Tulimkuta Maskati mtu mmoja akiitwa Ami Seif. Alikuwa mlinzi wa ghala la mfanyabiashara, mpole, kiunoni ana jambia kama wanaume wote wa huku. Alikuwa ndugu wa damu wa Fundi Nassor, mkubwa wake.

Kila aliyefika kutoka Unguja alimuuliza swali moja. "Hamkumwona mdogo wangu? Mfupi, fundi wa cherahani." Alituuliza na sisi. Mama alijibu kuwa hatukumwona. Kaka aliangalia miguu yake.

Kuanzia wiki ile, Kaka Khamis alipeleka maji nyumbani kwa Ami Seif kabla ya nyumba yoyote nyingine, na malipo alikataa. Miaka mitano alifanya hivyo! Mtaa mzima ulimsifu kwa dini yake. Ami Seif alimpenda kuliko watoto wake mwenyewe na kila siku alimtania.

"We Khamis, oa basi. Au utanibebea maji mpaka ung'oke meno?"

"Bado sijamaliza, Ami," Kaka alimjibu.

Mzee alicheka. Hakujua ni kitu gani hakijamalizika.

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa najiona mtu. Nilisoma Kiingereza Matrah, mji wa jirani, kwa karani mmoja mstaafu, tuliyemwita Mwalimu, pamoja na vijana wengine wachache. Mwalimu ndiye aliyeniletea habari za chuo kimoja cha Ulaya. Walitaka fomu, majibu ya mtihani wa Kiingereza, na insha ya kueleza wewe ni nani na kwa nini unataka kusoma sheria.

Niliandika insha ya kwanza kwa siku moja. Mimi ni kijana mwenye bidii. Tangu utotoni napenda elimu. Nikihitimu nitaitumikia jamii yangu. Ukurasa mmoja na nusu, adabu tupu. Mwalimu aliisoma huku anapiga miayo.

"Barua kama hii wanazo kabati zima," aliniambia. "Waandikie jambo lililo lako peke yako."

Langu peke yangu! Nilikuwa na nini mimi kilicho changu peke yangu? Kanzu mbili na chunusi. Kwa hiyo nikachukua la Kaka.

Niliandika siku tisa. Niliandika mbao madirishani, kidole cha baba, mchi, mlango. Jina la fundi nililiondoa, nikamwita "mgeni". Kazi yake sikuitaja. Nikajiona mtu mwangalifu sana. Lakini kichwa cha cherahani nilikiacha palepale, kwa sababu sentensi ile ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Na mpigaji nilimwandika "kaka yangu". Kusema ni mimi ingekuwa uongo, na mimi, wasomaji, nilikuwa kijana mkweli.

Mwalimu alipofika ukurasa wa mwisho alivua miwani, akanyamaza. Mpaka leo sijapata sifa iliyonilevya kama kimya kile.

Je, sikukumbuka kiapo? Nilikikumbuka. Nilijiambia tuliapa kutowaambia watu, na karatasi inayokwenda Ulaya haiwi mtu. Msomi huanza mapema kujitafutia hoja...

Nilikuwa nainakili vizuri pale Kaka alipoingia na madebe yake matupu.

"Unaandika nini, Bwana Karani?"

"Mambo ya chuo tu, Kaka."

"Nitie na mimi basi. Waambie kaka yako ana mabega."

Akacheka, akajimwagia maji kichwani. Nilifunika karatasi kwa kiwiko. Laiti ningemsomea! Kulikuwa na jambo moja analolijua yeye ambalo mimi silijui. Angeniambia, na leo labda angekuwa mzee mwenye wajukuu, anayenikera kwa kuninyima gari yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Ami Seif alikuwa na habari moja ya mwisho kuhusu mdogo wake, na alimwambia Kaka Khamis peke yake, siku moja wakati wa kupokea maji. Kuna mtu alimwona Fundi Nassor anakimbia na kichwa cha cherahani kwenye shuka. Cherahani ile Ami Seif mwenyewe ndiye aliyemnunulia. Kaka alisikia, akamimina maji mtungini, hakumwambia mtu. Mimi niliyajua haya baadaye kwa mdomo wa Ami Seif, wakati hayakunifaa tena.

Ili upate ruhusa ya kutoka nchini ulihitaji muhuri wa sheikh wa kabila lako, akudhamini kuwa wewe ni mtu mwema na karatasi zako ni za kheri. Sheikh wetu alikuwa ameishi Unguja miaka ishirini kabla ya kurudi. Aliwahi kudanganywa kwa karatasi ya Kiingereza, na tangu hapo hakupiga muhuri kwenye kitu ambacho hakukisikia kwa masikio yake.

Nilikwenda baada ya sala ya alasiri. Sabla yake, yaani ukumbi wa wageni, ilikuwa na wanaume kama ishirini wamekaa kwenye mikeka, tende na kahawa mbele yao.

"Isome," Sheikh aliniambia. "Na usome kwa Kiswahili. Wote hapa tumekula mhogo wa Unguja."

Mfukoni mwa kanzu nilikuwa nazo insha zote mbili. Niliichukua ile ya kawaida kwa tahadhari, kama Sheikh angeona ile ndefu inachosha. Mkono uliingia mfukoni. Nyembamba ilikuwa mbele, nene ilikuwa nyuma. Vidole vyangu vilizijua kwa unene wake...

Wasomaji, hakuna aliyenilazimisha. Sheikh alitaka kusikia karatasi yoyote ya adabu apige muhuri arudi kwenye kahawa yake. Nilitazama nyuso ishirini zilizonigeukia, wakubwa zangu wote, na kwa mara ya kwanza maishani walikuwa kimya kunisubiri mimi. Nikatoa ile nene.

Nilianza kusoma, naitafsiri papo hapo. Wakaacha kutafuna. Nilipokuwa ukurasa wa pili Ami Seif aliingia, akatoa salamu, akakaa karibu na mlango, akapewa kikombe.

Nilimwona. Naandika neno hili polepole ili nisije nikalikwepa. Nilimwona vizuri, na bado nilikuwa na nafasi ya kusema, "Sheikh, samahani, nimetoa karatasi siyo." Nilijiambia jina nimeliondoa, kazi nimeificha, hakuna neno. Na chini ya hilo kulikuwa na jingine la aibu zaidi. Nilitaka na yeye asikie ninavyoandika.

Ukurasa wa nne, shuka ikafunguka. Nilipandisha sauti. Nikasema kichwa cheusi cha cherahani, maua ya dhahabu yaliyofutika.

Kwetu ukitosheka na kahawa unatikisa kikombe, mmiminaji akaacha. Ami Seif hakutikisa. Mmiminaji akamimina, kikombe kikajaa, kahawa ya moto ikamwagika vidoleni mwake, na mkono hakuuondoa. Kisha akakiweka kikombe chini taratibu, akavaa viatu, akatoka.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri nimemliza. Nikaona fahari.

Zilibaki kurasa tatu, na nilizisoma zote. Nilizisoma kwa mapozi, pengine napumzika ili neno lizame. Nilipomaliza mzee mmoja alisema, "Hebu rudia pale pa mlango," na mimi nikarudia pale pa mlango! Sheikh alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Akasema maneno yangu ni makali. Akapiga muhuri kwenye ukurasa wa saba, akapuliza wino ukauke.

Nikiwa bado naukausha kwa pumzi zangu, mtu mmoja mwenye punda alisimama mlangoni.

"Wapi ndugu wa Khamis mchukuzi? Mkimbilieni. Kauliwa kisimani."

Nilikimbia bila viatu. Kutoka sabla mpaka kisima kile si mbali. Nimekwenda tena mara nyingi tangu siku ile, nimehesabu hatua, na najua jambo hili kwa hakika: mtu anayekimbia anafika kabla hujamaliza kusoma kurasa mbili.

Kaka Khamis alikuwa amelala ubavu kando ya kisima. Jambia lilikuwa limeingia tumboni, kifuani, na mara nyingine tumboni. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimepasuka mpaka mfupani, maana mwili hujikinga hata kama mwenyewe hataki. Damu ilikuwa imechanganyika na tope la kisima, ikawa matope mekundu, na mbuzi wa watu walikuwa wanasogea kunywa. Ami Seif alikuwa amekaa chini, kichwa cha Kaka kipo mapajani mwake, jambia limetupwa kando.

Niliokota mti wa mzega nikampiga. Nilimpiga mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika. Nikampiga mgongoni, nikampiga sikioni, damu ikamtoka. Hakuinua mkono kujikinga. Nilipoinua mti kumpiga kichwani, Kaka alifungua macho akasema, "Basi."

Neno moja. Nikauangusha mti.

"Nilimuuliza," Ami Seif alisema, hakunitazama. "Nlimwambia, Khamis, aliyempiga Nassor ni wewe? Kaweka madebe chini kwanza, yasimwagike. Kanijibu, ni mimi, Ami. Basi. Hakuongeza kitu. Kwa nini hakuongeza kitu huyu mtoto?"

Madebe yalikuwa pale pembeni, yamejaa mpaka ukingoni, hayakupoteza hata tone.

Niliinama. Nilitaka kumwomba Kaka radhi, nikashindwa hata kutaja jina lake. Mimi mwenye maneno makali...

Yeye ndiye aliyesema. "Karatasi yako. Imepigwa muhuri?"

"Imepigwa, Kaka."

"Basi nenda ukasome."

Alikata roho kabla ya adhana ya magharibi. Karatasi niliikuta mkononi mwangu wakati wa kumbeba. Ilikuwa imelowa tope na damu, na muhuri wa Sheikh katikati yake.

Ami Seif alijipeleka mwenyewe ngomeni akafungwa. Baada ya siku arubaini Mama alikwenda kwa Sheikh, akakaa nyuma ya pazia, akasema hadai kitu. Alisema mwanawe alimuua ndugu wa yule, na yule kamuua mwanawe, na wote wawili waliponzwa na mtu wa tatu. Hakumtaja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Ami Seif alitolewa mwaka uliofuata, nchi ilipofunguliwa. Mkono niliomvunja haukunyooka tena. Aliishi miaka michache. Tulipokutana njiani alikuwa ananiamkia yeye kwanza, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitemea mate.

Mama hakunipiga wala kunilaani. Alikuwa hajui kusoma, na barua zake zote kutoka Unguja nilikuwa namsomea mimi, tangu tulipofika Maskati. Baada ya Kaka kufa hakuniletea tena hata moja. Alijitanda buibui akaenda nazo nyumba ya nne, kwa binti wa jirani. Mpaka anakufa, miaka kumi na saba, sikumsomea mama yangu mstari mmoja.

Na chuo je? Nilipeleka ile insha ya kawaida. Sheikh aliipiga muhuri bila kutaka isomwe, na mimi sikuomba kuisoma. Kijana mwenye bidii, anapenda elimu tangu utotoni. Wakanikubali.

Nilikwenda mwishoni mwa mwaka 1970. Mwaka wa kwanza nilijipa moyo nikamuuliza karani wa chuo, mama mmoja mchangamfu, kama wanakumbuka insha yangu. Alicheka kwa huruma. Aliniambia maombi ya kutoka nchi za mbali walikuwa wanaangalia majibu ya Kiingereza na kama fomu imejazwa sawasawa. Insha walizifunga kwenye faili. Nani ana muda wa kuzisoma?

Sheria niliiacha mwaka wa pili, nikasomea mambo mengine. Nimekuwa mwandishi, kama mnavyoona. Naandika juu ya tumbo langu, juu ya mashemeji, juu ya foleni za Qurum. Wahariri huniuliza kwa nini siandiki jambo zito. Huwajibu kwamba sina kipaji.

Siku hizi vijana huja nyumbani na karatasi zao za kuombea vyuo. Huniuliza waandike ya kawaida au wabuni kitu cha kumshtua msomaji. Wananiona mtu wa baridi, maana kila mara nawaambia waandike ya kawaida. Mmoja alinijibu kwa dharau, "Ami, wewe mwandishi gani unaogopa kuandika?" Nilimpa juisi.

Nawaombeni, ndugu zangu mnaosoma haya. Mkishika kalamu, andikeni njaa zenu, makosa yenu, aibu zenu mpaka wino uishe. Lakini lile ambalo mtu amelibeba kimya miaka mitano kwa mabega yake mwenyewe, msilitue kwa ajili yake mbele za watu ili ninyi msifiwe. Na kama mmekwisha kulisema, na mmemwona mtu ameweka kikombe chini ametoka, acheni kusoma. Msimalize ukurasa. Kimbieni.

Mimi nilibakiwa na kurasa tatu, na nilizisoma vizuri sana.